Siku Mia na Tisini: Bima ya Serikali na Maradhi ya Akili ya Wazee wa Marekani

Tarehe 30 Julai 1965 Rais Lyndon B. Johnson wa Marekani alisafiri kutoka Washington mpaka mji wa Independence, katika jimbo la Missouri, akatia sahihi sheria ya bima ya afya ya wazee mbele ya Harry Truman. Truman, Rais wa zamani, alikuwa amelitaka Bunge la nchi yake litoe bima ya afya kwa watu wote tangu mwaka 1945, asiipate. Sasa alikuwa na umri wa miaka 81, na kadi ya kwanza ya bima hiyo mpya, iitwayo Medicare, alipewa yeye. Habari nyingi za Medicare huanzia hapo, na ni mwanzo mzuri. Lakini mwanafunzi akiifunua sheria yenyewe, akapita vifungu vya ada na vya siku za kulazwa, atakuta tarakimu moja isiyo na sherehe yoyote: 190. Mzee mwenye ugonjwa wa moyo au wa mapafu aweza kulazwa, akatoka, akalazwa tena katika ugonjwa mwingine, na hesabu ya siku zake ikaanza upya. Mzee ambaye ugonjwa wake ni wa akili, akilazwa katika hospitali iliyowekwa kwa wagonjwa wa akili peke yao, hulipiwa siku 190 katika maisha yake yote. Zikiisha, zimekwisha. Hakuna namna nyingine ya hospitali iliyowekewa kikomo cha umri mzima katika bima hiyo.

Tarakimu hiyo haikuzuka usiku mmoja. Walioiandika walikuwa wakipambana na jambo lililodumu zaidi ya miaka mia katika nchi yao, nalo ni mvutano baina ya hazina tatu: ya wilaya, ya jimbo na ya serikali kuu, kila moja ikitaka mzee aliyepungukiwa na akili awe mgeni wa mwenzake. Asiyeujua mvutano huo hawezi kuifahamu sheria ya 1965, wala marekebisho yaliyofuata, wala sababu ya tarakimu 190 kusimama mpaka leo.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, mzee aliyeanza kuwasahau wanawe na kutangatanga usiku, kama hakuwa na jamaa wa kumtunza, alipelekwa katika nyumba ya maskini ya wilaya yake. Humo alichanganywa na walevi, mayatima, vilema na wenye wazimu. Dorothea Dix, mwalimu wa shule wa Massachusetts, alianza mwaka 1841 kuzizungukia nyumba hizo na magereza, akaandika aliyoyaona: watu waliotiwa minyororo, watu waliofungiwa mahali pasipo moto katika majira ya baridi. Maandiko yake yaliyasukuma majimbo mengi kujenga hospitali. Mwaka 1854 Bunge lilikubali muswada aliouombea kwa miaka, wa kutoa ardhi ya serikali kuu ili mapato yake yawatunze wagonjwa wa akili. Rais Franklin Pierce akaukataa, akishika kwamba kuwatunza maskini ni wajibu wa majimbo na si wa serikali kuu. Kukataa huko kulitawala siasa ya Marekani kwa zaidi ya karne moja. Dix mwenyewe, ambaye hakuwa na nyumba yake, alimaliza uzee wake katika chumba alichopewa ndani ya hospitali ya Trenton, New Jersey, aliyoisaidia kuanzishwa, akafa humo mwaka 1887.

Hospitali za majimbo zilikusudiwa wagonjwa wenye matumaini ya kupona upesi. Wale wasiotumainiwa walibaki wilayani. Daktari Sylvester Willard alichunguza nyumba za maskini za jimbo la New York, na mwaka 1865 Baraza la jimbo hilo likapitisha sheria ya kujenga hospitali kubwa kando ya ziwa Seneca kwa ajili ya wagonjwa wa muda mrefu. Hospitali hiyo, iliyopewa jina lake, ilifunguliwa mwaka 1869. Ilipofungwa mwaka 1995, katika dari ya jengo moja yalikutwa masanduku ya safari yapatayo 400, mali ya wagonjwa walioingia na vitu vyao, na ambao wengi wao hawakutoka tena. Masanduku yale ni ushahidi mzuri kuliko takwimu nyingi: mtu hufunga sanduku akitazamia kulifungua mwenyewe.

Mwaka 1890 New York ilipitisha sheria iliyoondoa mzigo wa wenye wazimu maskini mabegani mwa wilaya na kuutwika jimbo, na majimbo mengine yakafuata njia hiyo. Nia ilikuwa njema. Wapitishaji wake waliona kuwa hospitali ya jimbo, yenye madaktari, ni bora kuliko nyumba ya maskini yenye msimamizi asiyejua tiba. Lakini sheria hiyo ilikuwa na mlango ambao hawakuuona. Mzee aliyebaki katika nyumba ya maskini aliila hazina ya wilaya. Mzee yule yule akiitwa mwenye wazimu, aliila hazina ya jimbo. Basi wakuu wa wilaya wakaanza kuyatazama upya mambo ya wazee wao. Kusahau, ambako jana kulikuwa ni uzee tu, leo kukawa ugonjwa wa akili. Mwanahistoria Gerald Grob, aliyetumia maisha yake kuichunguza habari hii, ameonyesha jinsi nyumba za maskini zilivyopungukiwa na wazee huku hospitali za majimbo zikifurika. Katika New York, wazee walioandikwa kuwa na wazimu wa uzeeni au wa kukakamaa kwa mishipa ya damu walikuwa chini ya sehemu moja katika tano ya walioingia hospitalini mara ya kwanza mwaka 1920. Kufika 1940 walikaribia theluthi moja.

Ubongo wa wazee wa New York haukubadilika kiasi hicho kwa miaka ishirini. Wazee waliongezeka, ni kweli, kwa kuwa watu waliishi zaidi; lakini kilichobadilika zaidi ni daftari la hesabu. Na jambo hili ndilo mwanafunzi wa historia hii anapaswa kulishika tangu mwanzo, kwa maana litarudi tena katika karne ya 20 kwa sura nyingine: mahali alipolala mzee mgonjwa wa akili palichaguliwa mara nyingi na mlipaji, kisha daktari akaitwa kupaandikia jina.

Hospitali hizo hazikuwa sawa kwa watu wote. Katika Maryland, wagonjwa weusi walitengewa hospitali yao, iliyojulikana baadaye kwa jina la Crownsville. Ilianzishwa mwaka 1911, na wagonjwa wenyewe ndio waliotumiwa kufyeka msitu na kusaidia kuyajenga majengo. Virginia ilikuwa na yake Petersburg, North Carolina ilikuwa na yake Goldsboro. Ubaguzi huo ulivunjwa katika miaka ya 1960, na Medicare ilikuwa na sehemu yake katika kuuvunja. Sheria ya haki za raia ya 1964 ilikataza fedha za serikali kuu kutolewa mahali penye ubaguzi, na hospitali iliyotaka malipo ya Medicare ilipasa kwanza kuthibitisha kwamba haibagui. Hospitali nyingi za kusini, zilizokuwa zimekaidi mahakama na maandamano, ziliondoa mapazia na mabango baina ya wodi katika miezi michache kabla ya Julai 1966, bima ilipoanza kulipa. Fedha hutenda mema vilevile.

Sheria ya Usalama wa Jamii ya mwaka 1935, iliyoanzisha pensheni na posho za wazee maskini, iliutia mvutano wa hazina nguvu mpya. Posho hizo hazikuruhusiwa kulipwa mtu akaaye katika nyumba ya serikali. Watungaji walitaka kuzifunga nyumba za maskini, zilizokuwa aibu ya nchi, na kwa kweli nyumba hizo zilianza kufa. Lakini mzee asiyeweza kuishi peke yake alihitaji mahali pa kuwapo, naye sasa alikuwa na posho mkononi. Nyumba za watu binafsi za kutunzia wazee zikaota kama uyoga baada ya mvua. Mwaka 1950 sheria ilirekebishwa, posho ikaruhusiwa kwa walio katika baadhi ya hospitali za umma, ila wale walio katika taasisi za kifua kikuu na za maradhi ya akili wakaachwa nje. Neno la Pierce la 1854 lilikuwa bado linasema: wagonjwa wa akili ni wa majimbo.

Kufika mwaka 1955, hospitali za akili za majimbo na wilaya zilikuwa na wagonjwa wapatao 559,000, wengi kuliko wakati mwingine wowote katika historia ya nchi ile. Takriban theluthi yao walikuwa wazee. Baada ya hapo idadi ilishuka mwaka hata mwaka. Maelezo ya kawaida, yanayopatikana katika vitabu vingi vya shule, ni kwamba dawa ya klopromazini, iliyoingia Marekani mwaka 1954, ndiyo iliyoifungua milango. Maelezo hayo yana ukweli kwa vijana wenye skizofrenia. Kwa wazee ni vigumu kuyakubali. Dawa hiyo haiponyi usahaulifu wa uzeeni, na hesabu za wazee hospitalini hazikuporomoka dawa ilipoingia. Katika mwaka 1962, miaka minane baada ya klopromazini, hospitali hizo zilikuwa bado na wazee zaidi ya 150,000. Kufika 1972 walikuwa wamebaki chini ya 80,000. Baina ya miaka hiyo miwili haikuvumbuliwa dawa ya uzee. Iliandikwa sheria.

Na kabla ya kuifikia, yafaa kulitaja jaribio la Rais John F. Kennedy. Dada yake Rosemary alikuwa amepasuliwa ubongo mwaka 1941 na kubaki kilema maisha yake yote, na Rais huyo alilishika jambo la akili kuliko watangulizi wake. Tarehe 5 Februari 1963 alilipelekea Bunge ujumbe maalumu, na tarehe 31 Oktoba akatia sahihi sheria ya kujenga vituo vya afya ya akili karibu na makazi ya watu, ili hospitali kubwa zipungue. Majuma matatu baadaye aliuawa. Vituo vilijengwa, lakini vichache kuliko vilivyokusudiwa, na wazee hawakuvizoea wala vituo havikuwatafuta. Mzee mwenye sonona, asiyetoka chumbani, haendi kupiga hodi katika kituo.

Sheria ya 1965 iliungwa na Wilbur Mills, mbunge wa Arkansas na mwenyekiti wa kamati ya fedha, mtu aliyekuwa ameipinga bima hiyo kwa miaka kisha akaifanya kubwa kuliko walioitaka walivyotumaini. Aliweka tabaka tatu, moja juu ya nyingine. La kwanza ni bima ya hospitali, inayolipwa na kodi ya mishahara. La pili ni bima ya hiari ya kulipia madaktari, ambayo mzee mwenyewe aliichangia dola 3 kwa mwezi ilipoanza. La tatu, Medicaid, ni msaada kwa maskini, ambao serikali kuu hurudishia jimbo angalau nusu ya gharama. Mtu asiyetofautisha tabaka hizi hatafahamu lolote katika yanayofuata. Na hata Wamarekani wenyewe huzichanganya.

Katika tabaka la kwanza ndimo zilimowekwa siku 190. Hoja ya watungaji ilikuwa hivi: majimbo yamewatunza wagonjwa hawa kwa karne nzima, tena kwa kuwaweka tu, miaka na miaka. Serikali kuu ikilipa bila kikomo, kila jimbo litatua mzigo wake, na bima iliyokusudiwa kuponya itakuwa kodi ya nyumba. Kwa hiyo bima italipa matibabu hasa, yenye tumaini la nafuu, nayo hayahitaji muda mrefu. Hoja hii si ya kudharauliwa. Yaliyotokea New York baada ya 1890 yalikuwa ushahidi kwamba hazina ikipata mlango wa kutokea, hutoka. Kasoro yake ni kwamba kikomo hakikuwekwa juu ya hali ya mgonjwa, kama amewekwa tu au anatibiwa, bali kiliwekwa juu ya aina ya jengo na hesabu ya siku. Mzee aliyetibiwa kweli kweli akapata nafuu, kisha akaugua tena miaka kumi baadaye, alihesabiwa sawa na aliyesahauliwa kitandani.

Tabaka la pili lilikuwa na ukali zaidi, ingawa ulifichwa ndani ya hesabu. Kwa maradhi mengine, mzee akiisha kulipa dola 50 za mwanzo wa mwaka, bima ililipa asilimia 80 ya ada iliyokubaliwa ya daktari, naye akalipa 20. Kwa maradhi ya akili ya mgonjwa wa nje, sheria iliagiza kwanza gharama ipunguzwe: ichukuliwe asilimia 62.5 yake, au dola 312.50, lililo dogo, kisha asilimia 80 ipigwe juu ya hilo. Msomaji akichukua kalamu ataona ujanja. Asilimia 80 ya 62.5 ni 50. Asilimia 80 ya dola 312.50 ni dola 250. Yaani bima ililipa nusu ya ada, na haikulipa zaidi ya dola 250 kwa mwaka mzima, hata ugonjwa uwe mzito namna gani. Sheria ingaliweza kusema hivyo kwa maneno kumi. Ilichagua njia ya mzunguko, na mzee aliyepokea hati yake ya malipo alihitaji mwalimu wa hesabu kabla ya kujua kwa nini amelipiwa kidogo. Kikomo cha dola 250 kilikaa bila kuguswa kwa zaidi ya miaka 20, huku dola ikipoteza zaidi ya theluthi mbili za thamani yake. Waliokiandika mwaka 1965 waliandika kiasi kidogo. Waliokiacha waliandika kiasi kidogo zaidi kila mwaka bila kushika kalamu.

Lakini lililowahamisha wazee ni tabaka la tatu. Jimbo lililomweka mzee katika hospitali yake ya akili lilikuwa limebeba gharama yote kwa miaka mingi. Medicaid iliruhusu kwa mara ya kwanza malipo kwa watu wa miaka 65 na zaidi walio katika hospitali hizo, kwa masharti. Lakini ililipia pia nyumba za kutunzia wazee, ambazo zilikuwa za bei nafuu, na nyingi zilikuwa za watu binafsi. Jimbo likamtoa mzee hospitalini, likampeleka katika nyumba hiyo, na angalau nusu ya gharama ikalipwa Washington. Ni habari ya 1890 ikirudiwa, ila safari hii hospitali ndiyo iliyohamwa. Majimbo yaliita kazi hiyo kurudisha wagonjwa katika jamii. Wengi wao hawakurudi katika jamii yoyote. Walitoka jengo moja wakaingia jengo jingine, mara nyingi dogo zaidi, lisilo na daktari wa akili hata mmoja. Ikumbukwe pia kwamba hospitali walizotoka hazikuwa bustani ya kuombolezwa. Swali ambalo historia inaweza kuuliza ni kama kuna aliyemtazama mgonjwa mwenyewe kabla gari halijaondoka.

Kulikuwa na sababu nyingine, iliyokuwa katika fikra na si katika hazina. Sigmund Freud, katika hotuba yake ya Desemba 1904 juu ya tiba ya mazungumzo, alishika kwamba watu waliokaribia au kupita miaka 50 hawafai kutibiwa kwa njia yake, kwa sababu nafsi yao imekwisha kukauka. Alikuwa na miaka 48 alipoyasema hayo, na aliendelea kubadili mawazo yake mwenyewe kwa zaidi ya miaka 30. Madaktari wa Marekani walioipokea elimu yake waliipokea na kasoro hii. Robert Butler, daktari wa akili wa Washington, ndiye aliyetoa jina kwa dharau hiyo ya umri mwaka 1969, akiifananisha na ubaguzi wa rangi na wa jinsia; kitabu chake juu ya uzee katika Marekani kilipewa tuzo ya Pulitzer mwaka 1976. Kwa fikra za kabla yake, huzuni ya mzee ni uzee. Na kisicho ugonjwa hakiombewi bima.

Marekebisho yalikuja polepole. Sheria ya afya ya akili iliyotiwa sahihi na Rais Jimmy Carter mwaka 1980 ilifutwa karibu yote mwaka uliofuata chini ya Ronald Reagan. Mwaka 1987 Bunge likapandisha kikomo cha dola 250 mpaka dola 1,100 kwa hatua, na likaagiza kwamba mtu mwenye ugonjwa mkubwa wa akili asiingizwe katika nyumba ya wazee inayolipwa na Medicaid kabla ya kuchunguzwa kama mahali hapo panamfaa. Swali lile la gari likawa sheria, miaka 20 baada ya magari kuondoka. Mwaka 1989 kikomo cha dola kiliondolewa kabisa, na wanasaikolojia pamoja na wafanyakazi wa ustawi wa jamii wenye elimu ya tiba wakaruhusiwa kulipwa wenyewe, pasipo kupitia kwa daktari. Nusu kwa nusu ilibaki.

Mwaka 2008 ulikuwa na mambo mawili yanayostahili kuwekwa bega kwa bega. Mwezi wa Oktoba, ndani ya sheria kubwa ya kuziokoa benki, Bunge lilipitisha sheria iitwayo kwa majina ya maseneta Paul Wellstone na Pete Domenici, iliyokataza bima za waajiri kuweka vikomo vikali zaidi kwa maradhi ya akili kuliko kwa maradhi ya mwili. Sheria hiyo haikuigusa Medicare. Serikali iliwakataza wenye makampuni jambo ambalo ilikuwa ikilitenda yenyewe kwa wazee. Lakini mwezi wa Julai mwaka huo huo Bunge lilikuwa limepitisha sheria nyingine, kwa kuishinda kura ya turufu ya Rais George W. Bush, na ndani yake kulikuwa na kifungu cha kuipunguza nusu ile: sehemu ya mgonjwa ishuke kutoka asilimia 50 mpaka 45 mwaka 2010, 40 mwaka 2012, 35 mwaka 2013, na 20 mwaka 2014. Kwa hiyo, tangu bima ilipoanza kulipa mwaka 1966, ilipita miaka 48 kabla ya huzuni ya mzee kulipiwa sawa na mguu wake.

Mengine yaweza kutajwa upesi. Bima ya dawa ilianza mwaka 2006, na dawa za sonona na za wazimu zikawa katika mafungu ambayo makampuni yalilazimishwa kuyalipia karibu yote. Tangu mwaka 2011 mzee aweza kupimwa sonona mara moja kwa mwaka bila malipo. Sheria iliyotiwa sahihi Desemba 2022 iliwaongeza washauri nasaha wa afya ya akili na watabibu wa ndoa na familia katika orodha ya wanaolipwa, kuanzia Januari 2024.

Mzee wa mwaka 2024 alichanga dola 174.70 kwa mwezi kwa tabaka la pili, akalipa dola 240 za mwanzo wa mwaka, kisha asilimia 20 ya kila ziara kwa mtabibu wa akili. Akilazwa, alilipa dola 1,632 za mwanzo, akakaa siku 60 bila malipo ya siku, na kutoka siku ya 61 mpaka ya 90 akalipa dola 408 kila siku. Hayo ni sawa kwa kila ugonjwa. Kutunzwa kwa muda mrefu katika nyumba ya wazee Medicare hailipii hata leo; atakayehitaji hutumia akiba yake mpaka imalizike, ndipo Medicaid impokee. Tena kulipiwa ni jambo moja na kumpata wa kulipwa ni jingine. Madaktari waliojitoa kabisa katika Medicare ni wachache, lakini katika hao wa akili ndio wengi kuliko fungu lolote la utaalamu, maana hupata wateja wa kutosha wanaolipa fedha taslimu.

Habari hii haiko mbali na wasemaji wa Kiswahili kama inavyodhaniwa. Katika nyumba za wazee za Marekani wamo wauguzi na watunzaji waliotoka Kenya na nchi jirani, nao humjua mzee aliyepotewa na akili kwa usiku mzima, ambapo daktari humjua kwa dakika 15. Na watoto waliohamia huko wakawaita wazazi wao hukuta kwamba mzazi asiye na historia ya kazi Marekani hawezi hata kuinunua bima hiyo kabla ya kukaa kihalali miaka 5 mfululizo.

Siku 190 zimebaki. Miswada ya kuziondoa imeletwa Bungeni mara nyingi bila kufika mwisho. Watetezi wa kikomo husema kwamba hakimgusi mtu, kwa kuwa wodi ya akili iliyo ndani ya hospitali ya kawaida haihesabiwi, na ni kweli kwamba wazee wengi hawazifikii siku hizo. Lakini hoja hiyo inawasahau walioingizwa na marekebisho ya mwaka 1972, yaliyofungua Medicare kuanzia Julai 1973 kwa watu wa chini ya miaka 65 wanaopokea pensheni ya ulemavu. Kijana aliyeshikwa na skizofrenia akiwa na miaka 25, akapata pensheni hiyo na baada yake bima, huanza kuhesabiwa siku zake tangu hapo. Akilazwa majuma matatu kwa mwaka katika hospitali ya akili ya mji wake, kwa sababu hospitali ya kawaida haina wodi ya namna hiyo, siku 190 zitamwishia katika mwaka wa kumi. Atakapotimiza miaka 65 na kuwa mzee yule ambaye Johnson na Truman walimtilia sahihi, karani wa hospitali atalifungua daftari lake na kukuta kwamba siku zake zilikwisha alipokuwa bado kijana.